Mama amevunjika kidari, tukamfunga khanga mbili

SWALI

Shikamoo Daktari.

Naandika kwa niaba ya mama yangu, ana miaka 63, anaishi Ifunda. Jumamosi ya wiki iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka Mafinga kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka. Tulipanda Noah, mama akakaa mbele kwa dereva. Dereva yule alikuwa mkali wa mkanda, alipoona mama anahangaika nao akamfunga mwenyewe. Jioni ukungu ulishuka, gari letu likaenda kugonga nyuma ya fuso lililoharibika, limeachwa barabarani bila hata tawi la mti la kuonya watu. Sisi wa nyuma tulipata michubuko tu. Mama alishuka kwa miguu yake, amejishika kifua, anasema, "Nimebanwa, nimebanwa."

Tulichukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tukaenda kituo cha afya cha karibu. Wakampiga eksirei, wakasema mbavu zote nzima, ni misuli imeshtuka, wakatupa vidonge vya maumivu. Usiku ule hakulala. Chali analia, ubavu analia, akipiga chafya anamwita marehemu bibi. Kulipokucha katikati ya kifua pamevimba, na damu imevilia mstari mmoja kutoka bega la kushoto, pale pale mkanda ulipopita. Tukampeleka hospitali ya rufaa. Huko walimpiga picha akiwa amesimama ubavuubavu, ndipo wakaona mfupa wa kidari umevunjika, ila vipande havijaachana. Wakampima umeme wa moyo mara mbili, wakachukua damu, wakamlaza usiku mmoja, kisha wakaturuhusu na parasetamoli na tramadoli. Hakuna plasta, hakuna upasuaji, hata bandeji hakuna. Wakasema utaunga wenyewe.

Leo ni siku ya 9 na nyumbani hatuelewani. Shangazi anasema mfupa usiofungwa hauungi, kwa hiyo kila asubuhi anambana mama kifua kwa khanga mbili, na jioni anamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Kaka anataka tumlete mzee mmoja fundi wa mifupa aje aurudishe. Tramadoli ilimtapisha, halafu jirani akatuambia inaleta uteja, tukaiacha. Nikamnunulia diklofenaki duka la dawa, anaimeza pamoja na dawa zake za presha, losartani na ile ya kukojoza. Akijigeuza kitandani anasikia kitu kinaalika kifuani. Na ameapa hatavaa mkanda tena maisha yake, kwa kuwa ndio uliomvunja. Kaka anamuunga mkono. Mama ni mwanakwaya na ni mkulima, kila siku ananiuliza ataimba lini na atashika jembe lini.

Ana kikohozi kidogo pia tangu siku ya tano, lakini anakimeza kwa sababu kukohoa kunamuuma. Jana usiku alikuwa wa moto, leo ameamka afadhali ila amechoka. Nadhani ni baridi ya huku tu.

Daktari, walimtelekeza? Tufanyeje?

Ni mimi binti yake.

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana wewe, na pole mama.

Wasomaji wajue kwamba barua hii sikuiacha isubiri zamu yake. Nilipofika kwenye mistari ile ya kikohozi nilitafuta namba ya simu nikampigia binti huyu. Mama wa miaka 63, kidari kimevunjika, kifua kimebanwa kwa khanga mbili, anameza kikohozi, na usiku anachemka. Nilimwambia mambo mawili: fungua khanga sasa hivi, na mpeleke hospitali leo, usingoje kesho. Walipofika walikuta anapumua mara 28 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Oksijeni ilikuwa imeshuka, na sehemu ya chini ya pafu la kushoto ilikuwa imeshika nimonia. Alilazwa siku 4 kwa oksijeni na antibayotiki. Ameshatoka, anakunywa uji, na binti ameniruhusu nichapishe yote kwa ajili ya wengine.

Sasa turudi kwenye swali lako la kwanza, maana najua linakuuma: walimtelekeza? Hapana. Hospitali ya rufaa ilifanya inavyotakiwa.

Kidari unakijua, umekigawa kwa watoto kila mkichinja kuku. Kwa binadamu ni mfupa bapa ulio katikati ya kifua, kuanzia pale mitulinga miwili inapokutana chini ya koo hadi kwenye chembe ya moyo. Jozi 7 za juu za mbavu zimeshikana nao moja kwa moja kwa gegedu. Fikiria tenga la nyanya. Mbavu ni fito, uti wa mgongo ni mshono wa nyuma, kidari ni mshono wa mbele. Mshono wa mbele ukikatika, fito bado zimeshikilia tenga, halimwagiki. Ndiyo maana kidari kilichovunjika bila vipande kuachana hakihitaji kufungwa na mtu, mbavu zenyewe ndizo zinazokishikilia. Na plasta ungeiweka wapi? Mkono unaweza kuutuliza wiki 6 usitikisike. Kifua hakitulii, hata kwa pumzi 12 za dakika kinapanda na kushuka zaidi ya mara 17,000 kwa siku, na mfupa unaungana katikati ya mwendo huo huo.

Kazi yao kubwa usiku ule haikuwa mfupa. Nyuma tu ya kidari kuna moyo, na chumba chake cha kulia ndicho kilicho karibu zaidi na mfupa. Pigo la kuvunja kidari linaweza kuuchubua moyo, ukaanza kupiga ovyo saa kadhaa baadaye. Kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha mapigo yalivyo. Ile damu, kama walipima troponini, inaonyesha kama nyama ya moyo imeumia. Vyote viwili vikiwa sawa, daktari ana haki ya kupumua na kumruhusu mgonjwa. Huangalia pia mapafu kama yametobolewa, mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, na pingili za mgongo, kwa sababu kifua kinapokunjwa kwa nguvu mshono wa mbele na wa nyuma huweza kukatika pamoja. Mama akikuambia anaumwa katikati ya mabega, au miguu inakufa ganzi, usidhani ni uchovu wa kulala vibaya.

Mtu aliyevunjika kidari peke yake, moyo mzima, mapafu mazima, mara nyingi sana hupona bila kisu. Upasuaji wa kuweka bati na skrubu upo, lakini ni wa wachache: vipande vikipandana, kifua kikiwa hakitulii, maumivu yakikataa dawa zote, au mfupa ukigoma kuunga baada ya miezi.

Kuhusu kituo cha kwanza, najua mna hasira nao. Niseme hivi: eksirei ya kupiga kwa mbele huficha kidari, kwa sababu mfupa huo unaangukia juu ya kivuli cha moyo na uti wa mgongo. Mara nyingi mwanya wake umelala kwa upana, na huonekana ukipiga picha ya ubavu. Ultrasaundi mkononi mwa aliyezoea nayo inauona, na CT skani inauona kuliko zote. Kosa lao halikuwa kutouona. Mama wa miaka 63 aliyetoka kwenye ajali, anaumia katikati ya kifua ukimgusa kwa kidole, alistahili kuangaliwa moyo kabla ya kurudishwa nyumbani.

Nimefanya kazi wodi za majeruhi miaka mingi, na naomba hili mnielewe vizuri. Mgonjwa wa kidari akishavuka siku 2 za mwanzo, adui yake si mfupa tena, ni kupumua kwa kubania. Akivuta pumzi ndefu inauma, basi anavuta fupi. Kukohoa kunauma, basi anameza. Makohozi yanabaki chini ya mapafu, hayatoki, yanaoza, nimonia inaingia. Khanga zenu mbili ziliisaidia nimonia hiyo. Simlaumu shangazi hata kidogo. Zamani sisi wenyewe hospitalini tulikuwa tunawafunga waliovunjika mbavu kwa plasta za kubandika, mpaka ikaonekana tunawaziba pumzi. Tuliacha. Na nyie acheni.

Kwa hiyo shangazi mpeni kazi nyingine, na ni kazi kubwa. Kila saa ambayo mama yuko macho, shangazi akae naye amhesabie pumzi 10. Avute taratibu kwa pua mpaka mwisho anaoweza, azuie kidogo, shangazi ahesabu moja hadi tatu, kisha aachie kwa mdomo. Baada ya hapo mama akumbatie mto, aubane kifuani kwa mikono yote miwili, akohoe kwa nguvu na ateme. Mto ule unafanya kazi ambayo shangazi alidhani khanga inafanya, tofauti ni kwamba unabana kwa sekunde chache za kukohoa, kisha unaachia. Mto huo aende nao kila mahali, hata chooni. Chafya haipigi hodi.

Haya yote hayawezekani mtu akiwa na maumivu makali, ndiyo maana dawa ya maumivu kwa mama si starehe, ni sehemu ya kumzuia asipate nimonia tena. Asingoje mpaka maumivu yamzidi. Parasetamoli za miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Kama ana uzito chini ya kilo 50 au ana ugonjwa wa ini, dozi ni ndogo zaidi, muulizeni daktari wake. Mwangalie pia asimeze dawa za mafua pembeni, nyingi zina parasetamoli hiyo hiyo ndani. Aanze mazoezi ya pumzi kama nusu saa baada ya kumeza.

Diklofenaki iacheni leo. Hapa sitaki mzaha kabisa. Dawa za jamii hiyo hupandisha presha, na zikikutana na losartani pamoja na dawa ya kukojoza zinaweza kuangusha figo, hasa kwa mtu mzima anayekula na kunywa kidogo kama mama yako siku hizi. Mwambieni daktari kwamba alikuwa anazitumia, apime figo. Muuza duka huenda hakuambiwa habari za presha. Tramadoli nayo hutapisha wengi na kufunga choo, lakini daktari anaweza kupunguza dozi, kumpa dawa ya kichefuchefu au kubadilisha kabisa. Kwa siku chache, kwa kipimo cha daktari, hofu ya uteja isiwafanye mumwache mama alie usiku kucha. Uteja huja kwa kuitumia ovyo na muda mrefu, au kugawana na wasioandikiwa.

Kukandwa: siku 2 za kwanza kinachofaa ni ubaridi, kitambaa chenye barafu au maji baridi kwa dakika 15 au 20. Sasa hivi kitambaa cha vuguvugu kikilazwa tu juu ya kifua, bila mkono wa kukandamiza, hakina neno. Kukandamiza ndiko nisikokutaka. Na yule fundi wa mifupa, kaka amwache huko huko. Huenda ana sifa zake kwa mikono na miguu, sitabishana naye. Hapa hakuna cha kurudisha, vipande havijaachana. Akisukuma anaweza kuviachanisha, na anayesukumwa nyuma yake ni moyo.

Kuhusu kualika. Wiki za mwanzo kingo za mfupa, au gegedu za mbavu zilizovutika siku ile, huweza kualika mtu akijigeuza. Mara nyingi hupotea zenyewe. Lakini mtaje kwa daktari kila mkienda. Kama unaona au kuhisi kwa kiganja kwamba kipande kimoja kinapanda na kingine kinabaki anapopumua, au kualika kunaongezeka na maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, huo ni mfupa usiotulia, apigwe picha upya. Mfundishe pia kuamka: asijivute kwa mikono wala asivutwe. Ajilaze ubavu kwanza, ashushe miguu, ndipo ajiinue huku wewe umemshika mgongo. Alale ameegemea mito mitatu au minne, nusu ameketi.

Asiingie jikoni kwenye moshi wa kuni. Najua Ifunda baridi ni kali na watu huota moto ndani, ila moshi unaleta kikohozi, na kikohozi anacho cha kutosha. Atembee uani kila siku, asigandamane na kitanda, damu ya miguuni nayo inahitaji kutembea.

Upande wa chakula, supu ya kongoro ni nzuri, mpeni, chumvi iwe kidogo kwa ajili ya presha. Ongeza dagaa, maziwa, maharage, mayai na jua la asubuhi. Wanawake wakishakoma hedhi mifupa hupungua uimara, na hilo ndilo linalofanya kidari cha mama wa umri huu kikatike kwa pigo ambalo kijana angelitoka na chubuko. Mkirudi kliniki muulizeni daktari kuhusu hali ya mifupa yake kwa jumla.

Jembe lisubiri. Kwa kawaida mfupa huu hushikana wiki ya 6 hadi ya 12, na maumivu ya kuvuta pumzi ndefu huenda yakamsindikiza karibu miezi 3. Wiki 6 za mwanzo asinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, msiiweke hata mbele ya macho yake, kwa sababu mama zetu tunawajua. Asitwange, asibebe mjukuu mgongoni wala mkononi, mjukuu akae mapajani. Baada ya wiki 6 aonwe, na kama mfupa umeshika aanze kidogo kidogo. Shamba lenyewe nadhani ni miezi 3, na daktari aliyemuona kwa macho ndiye atakayesema.

Kwaya ni habari nyingine, na hapa nina jibu la kumfurahisha. Aanze leo. Aimbe akiwa ameegemea mito yake, kwa sauti ya chini, ubeti mmoja mmoja, avute pumzi ya kutosha katikati ya mistari. Kuimba ni pumzi ndefu tu ambazo mtu anazipenda. Wanakwaya wenzake wakija kumjulia hali, msiwaambie wakae kimya kwa sababu kuna mgonjwa.

Mkimuona anahema, midomo inageuka rangi, anakohoa damu, moyo unaenda mbio au unarukaruka, anazimia, homa inarudi au makohozi yanakuwa ya njano au kijani, msiniandikie barua. Nendeni hospitali.

Nimeuacha mkanda mwisho, kwa sababu ndio unaoniumiza zaidi. Ni kweli mkanda ulimvunja kidari. Ule mstari wa damu kifuani ni saini yake. Lakini muulize kaka: gari lilisimama ghafla kwenye fuso, na mwili wa mama ulikuwa bado unakwenda kwa mwendo ule ule wa gari. Ungesimamishwa na nini? Na kioo, kwa kichwa. Mkanda unasimamisha mwili kwa kulisambaza pigo kwenye mifupa migumu, mtulinga, kidari na nyonga. Siku ile kidari kilibeba pigo hilo, kikakatika, kichwa kikabaki kizima. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa waliomo kwenye gari hadi asilimia 50. Nimewapokea waliovaa, na nimewapokea wasiovaa. Waliovaa wengi wao tunawatibu kidari. Mtafuteni dereva yule aliyemfunga mama kwa mkono wake, mkampe ahsante. Nina hakika tangu siku ile anajilaumu.

Na siku ya kurudi kliniki mama atapanda gari tena. Kamba ya juu ipite katikati ya mtulinga na katikati ya matiti, isipite chini ya kwapa. Ya chini ilale kwenye mifupa ya nyonga, isikae tumboni. Chukua taulo dogo, likunje mara mbili, liweke kati ya mkanda na kidari, ili usimsugue panapouma.